Kiwahikivuli, Si Ua la Masika

Nimeisoma rasimu ya istilahi za botania ambamo mimea ya misitu ya mashariki mwa Marekani, ile inayochanua kabla miti haijarudisha majani, imeitwa “maua ya masika yapitayo”. Tafsiri hii haifai, na kamati iliyoipitisha haikujiuliza masika ni nini.

Masika ni mvua. Kwa mtu wa Tanga au Unguja ni Machi hadi Mei: kaskazi imekwisha, kusi inaingia, njia ni tope tupu. Miezi hiyohiyo, Ohio na Virginia zina mambo mengine. Theluji imeyeyuka, udongo unapata joto, na jua linafika hadi chini ya msitu kwa kuwa matawi bado ni matupu. Joto na mwanga huo ndio unaouamsha mmea. Kuandika “masika” hapo ni kulipokonya neno letu maana yake bila kumfaidi msomaji. Yapo majira ya machipuo, yatumike hayo.

Kosa kubwa zaidi ni “yapitayo”. Hapa wametafsiri mzizi wa Kigiriki wa neno la Kiingereza “ephemeral” badala ya dhana. Epi ni juu ya, hemera ni siku. Kwa pamoja, kitu cha siku moja. Aristotle alilitumia neno hilo la Kigiriki kwa mdudu wa mtoni ambaye uhai wake ulikuwa wa siku moja. Wanabotania wakalichukua, wakaliita nalo kundi la mimea ya jangwani inayoota, kuchanua, kutoa mbegu na kufa ndani ya wiki chache baada ya mvua. Huko limekaa sawasawa. Msituni halikai. Utazame mmea uitwao Mertensia virginica: vitumba vyake ni vya waridi, vikifunguka vinageuka buluu, na kufikia katikati ya kiangazi majani yamekwisha kuwa njano na kutoweka. Ukichimba utaukuta mzizi mnene, hai, unaongoja mwaka ujao kuchipua palepale, na utafanya hivyo miaka mingi. Lililopita ni jani. Mmea haujaenda kokote.

Sifa ya kundi hili, basi, si ufupi wa maisha, bali ni kuwahi. Mmea unajitengenezea chakula cha mwaka mzima katika wiki zile ambazo jua liko wazi, kama abiria anayewahi kiti kabla basi halijajaa. Ndiyo maana nimependekeza kiwahikivuli: kitu kinachokiwahi kivuli kabla hakijatanda. Muundo wake ni wetu kabisa, kitenzi na yambwa yake, kama kipimajoto na kinasasauti. Pendekezo langu lilirudishwa likiwa na neno moja pembeni, “halijazoeleka”. Ni istilahi ipi iliyozaliwa ikiwa imezoeleka? Usanisinuru nayo ilikuwa ngeni, leo mwanafunzi anaiandika kwenye mtihani bila kusita. Yuko pia anayepigania “efemera”, eti ni ya kimataifa. Mtoto wa kidato cha pili akiisikia efemera hapati hata dokezo la mmea wenyewe.

Kwa mwenye bustani ya kivuli huko Marekani, matumizi ni haya: kiwahikivuli kipandwe chini ya miti ipukutishayo majani, katika udongo wenye mboji na unyevu, si chini ya misonobari, maana kivuli kisichoondoka hakiwahiki, majani yasikatwe mpaka yawe njano yenyewe, makangaga yapandwe kando yazibe pengo la kiangazi, miche inunuliwe kwa mkuzaji, isichimbwe msituni.

Naiomba kamati ifute “maua ya masika yapitayo” kabla rasimu haijaenda kuchapishwa, na waandishi wa vitabu vya mimea waanze sasa: kiwahikivuli, wingi viwahikivuli, ngeli ya KI-VI.