Utafiti wa Kaya Katika Kukadiria Mahitaji ya Maeneo ya Mapumziko

Utafiti wa kaya ni njia ya kukusanya takwimu kwa kuwahoji wakazi wa nyumba zilizochaguliwa kitaalamu ili kuwakilisha jamii nzima. Katika kupanga bustani na maeneo ya wazi ya mapumziko, njia hii hutoa taarifa zisizopatikana kwa kuhesabu wageni langoni, kwa kuwa langoni huhesabiwa waliofika tu. Nyumbani huhojiwa pia wasiofika, nao hueleza kinachowazuia: umbali, gharama, ukosefu wa muda au huduma duni.

Mfano mashuhuri ni wa Marekani. Mwaka 1958 Bunge la nchi hiyo liliunda tume ya kuchunguza rasilimali za mapumziko ya nje, iliyoongozwa na Laurance Rockefeller. Kwa ajili ya tume hiyo, Ofisi ya Sensa iliwahoji watu wenye umri wa miaka 12 na zaidi. Ripoti iliyowasilishwa kwa Rais John F. Kennedy Januari 1962 ilibainisha kuwa wengi walipendelea mambo mepesi: matembezi ya gari na ya miguu, kuogelea na mandari. Tume ilisisitiza umuhimu wa maeneo yaliyo karibu na miji mikubwa.

Kiwango cha ushiriki kinachopatikana huzidishwa kwa idadi ya watu inayotarajiwa, kisha hugeuzwa kuwa mahitaji ya miundombinu. Kwa mfano, iwapo watu 600 watafika siku ya msongamano, na kila meza ikatumiwa na makundi mawili ya watu 6 kwa siku, zitahitajika meza 50.

Hata hivyo, makadirio yana mipaka. Tume ilitarajia watu wakaribie kuongezeka maradufu, kutoka milioni 180, ifikapo mwaka 2000. Sensa ya mwaka huo ilihesabu milioni 281.4. Aidha, eneo lisilo na bwawa huonesha waogeleaji wachache. Mpangaji akiichukulia takwimu hiyo kuwa dalili ya kukosa hamu, waliokosa huduma jana wataikosa na kesho.

Ndiyo maana utafiti huhitaji kurudiwa. Majimbo ya Marekani yanayoomba fedha za mfuko wa uhifadhi wa ardhi na maji, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, hutakiwa kuwa na mpango wa mapumziko unaohuishwa kila baada ya miaka 5 kwa kuwashirikisha wananchi.