Neno Alilolitoa Frye

Wimbo “Precious Lord, Take My Hand” huenda umeusikia msibani, kwa Kiingereza au ukiwa umetafsiriwa. Chanzo chake kinajulikana vizuri, kwa kuwa mtunzi mwenyewe, Thomas A. Dorsey, alikisimulia kwa karibu miaka 50: makanisani, kwa waandishi, na akiwa mzee wa miaka 80 na zaidi, katika filamu “Say Amen, Somebody” ya mwaka 1982. (Tusimchanganye na Tommy Dorsey, Mmarekani mweupe aliyekuwa kiongozi wa bendi ya dansi. Kuna ujumbe unaozunguka unaompa huyo wimbo usio wake.)

Dorsey wetu alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Villa Rica, jimbo la Georgia, mwaka 1899. Baba yake alikuwa mhubiri, na mama yake alipiga kinanda kanisani. Lakini yeye alitafuta riziki kwingine. Kwa jina la Georgia Tom alipiga piano katika muziki wa bluzi, akifuatana na mwimbaji mashuhuri Ma Rainey, na mwaka 1928 yeye na Tampa Red walitoa santuri iliyouzwa sana, ambayo maneno yake hayawezi kuimbwa mbele ya wazee wa kanisa. Alipoanza kutunga nyimbo za injili, wako wachungaji wa Chicago waliomfungia mlango kwa kuwa upigaji wake ulinuka vilabuni.

Agosti 1932 aliondoka Chicago kwa gari kwenda St. Louis kuimba katika mikutano ya injili. Mkewe, Nettie, alikuwa mjamzito na siku zake zilikuwa zimekaribia. Dorsey alisimulia kwamba moyo ulimwambia asiende. Baada ya mwendo kidogo alikumbuka kuwa amesahau mkoba wa nyimbo zake, akarudi nyumbani, akamkuta Nettie amelala, akachukua mkoba na kuondoka tena bila kumwamsha. Huko St. Louis, mkutano ukiendelea, aliletewa simu ya maandishi: Nettie amefariki akijifungua. Alirudi Chicago akakuta mtoto wa kiume yu hai. Mtoto naye hakukaa, akafa. Mama na mwana walizikwa katika jeneza moja.

Hapa ndipo wengi wetu tunaosimulia habari hii madhabahuni huruka. Tunatoka kaburini na kwenda moja kwa moja kwenye wimbo, kana kwamba mtu alipangusa machozi akaketi kwenye piano. Mwenyewe hakuruka. Alisema wazi kwamba aliona Mungu amemtendea isivyo haki, kwamba hakutaka tena kumtumikia wala kutunga nyimbo za injili, na kwamba alitaka kurudi kwenye muziki wa dunia aliouzoea. Tena alijiuliza kama ile sauti ya moyoni barabarani ilikuwa ya Mungu, akimtaka abaki.

Siku chache baadaye rafiki yake, mwimbaji Theodore Frye, alimtoa nje akampeleka kwenye jengo la chuo cha Poro, katika chumba chenye piano. Dorsey alianza kugusagusa vinanda. Tuni iliyomjia haikuwa mpya, ilikuwa ile iitwayo Maitland, ya George N. Allen, iliyochapishwa mwaka 1844, ambayo makanisa yalikuwa yakiiimba kabla yeye hajazaliwa. Maneno yakaanza kutoka. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mwanzoni alimwita Bwana “mbarikiwa”. Frye akamkatiza: hapana, mwite “wa thamani”.

Tunaona uzito mkubwa katika jambo hili dogo. Neno tamu kuliko yote katika wimbo halikutoka kinywani mwa mfiwa, na tuni yake aliiazima kwa watakatifu waliomtangulia. Yeye alileta uchovu wake, giza lake na haja ya kushikwa mkono. Neno “thamani” asingeweza kulisema peke yake wiki ile, akapewa na mtu aliyekaa naye.

Sisi Walutheri tungepaswa kulielewa hili upesi. Septemba 1542 binti yake Martin Luther, Magdalena, alifariki akiwa na miaka 13. Siku chache baadaye Luther alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na Katharina walipaswa kushukuru tu kwa kuwa mtoto amekwenda salama, lakini hawakuweza kufanya hivyo bila kulia na kuugua. Huyo ndiye aliyetufundisha kuhesabiwa haki kwa imani! Na Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila mstari wa faraja mwishoni, na wala Kanisa halikuiondoa.

Msibani kwetu tuna msemo ulio tayari mdomoni: kazi ya Mungu haina makosa. Hatusemi kwamba ni uongo. Ila mara nyingi tunamwambia mjane siku ya kwanza, kabla hajaulizwa chochote, na tunamwambia ili anyamaze. Frye, kwa jinsi Dorsey alivyosimulia, hakuanza kwa kumsahihisha rafiki yake. Alimpeleka palipo na piano.

Wimbo ulisikika kwanza katika kanisa la Ebenezer Baptist, Chicago, na watu walilia kwa sauti. Jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, huko Memphis, Martin Luther King alimwomba mpiga saksafoni Ben Branch aupige vizuri katika mkutano wa usiku ule. Dakika chache baadaye alipigwa risasi. Mahalia Jackson akauimba kwenye mazishi yake. Dorsey alikuwa hai bado, na aliishi hadi mwaka 1993. Kila alipoulizwa wimbo ulitoka wapi, alianza na mkoba uliosahauliwa na mke aliyelala.