Mzigo wa Muhimbili: Tarehe ya Hospitali za Dar es Salaam

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika ukoo wa wafanyabiashara wa Kiismailia, akatajirika kwa kuandaa misafara ya bara. Wapagazi, vitambaa, shanga: msafiri wa Kizungu aliyetaka kufika maziwa makuu alipitia dukani kwake. Alipofariki mwaka 1897 alikuwa amekwisha kutoa sehemu kubwa ya mali yake kwa wagonjwa na watoto wa pwani, tena kwa masharti. Shule aliyoikabidhi serikali ya Wajerumani pale Bagamoyo alitaka ipokee watoto wa rangi zote. Kwa ajili ya hospitali ya Dar es Salaam alitoa rupia 12,400, na hospitali hiyo ikaitwa kwa jina lake.

Lakini serikali ilikuwa na mpango wake. Mwaka uleule wa 1897 Wajerumani walikamilisha hospitali nyingine ufukweni, mahali penye upepo wa bahari, jengo la minara miwili ambalo mpaka leo ni miongoni mwa majengo mazuri ya mji. Hiyo ilikuwa ya Wazungu.  Mwafrika na Mhindi walikwenda Sewa Haji. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 hawakuubadili utaratibu huo. Waliurithi, wakaishi nao miaka arobaini. Kwa hiyo mfumo wa hospitali za jiji hili ulianza kwa kuwagawa wagonjwa kabla hata ya kuwapima, na mgawo wenyewe ulikwenda kwa ngozi.

Mji ulikua, Sewa Haji ikazidiwa. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu 128,742. Mwaka mmoja kabla, Binti Mfalme Margaret wa Uingereza alikuja Tanganyika, na hospitali mpya iliyojengwa Upanga ikapewa jina lake. Kufikia mwaka 1959 wagonjwa na watumishi wa Sewa Haji walikuwa wamehamia huko. Baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Jina la mfanyabiashara wa Bagamoyo halikupotea: wodi za Sewahaji zipo hadi leo, jirani na Kibasila, inayokumbusha jumbe wa Uzaramo aliyewapinga Wajerumani wakati wa Vita vya Maji Maji. Naona ni haki kwamba mgonjwa analazwa chini ya majina hayo, wala si chini ya jina la gavana.

Mwaka 1963 Chuo cha Udaktari kikaanza pale Muhimbili, na nchi ikaanza kujifundishia madaktari wake. Ocean Road, ile ya ufukweni, ikawa hospitali ya wazazi. Waulize wakazi wa jiji waliozaliwa baada ya uhuru walizaliwa wapi. Wengi watakutajia Ocean Road. Mahali ambapo bibi zao wasingeruhusiwa kulazwa ndipo walipotolea kilio cha kwanza, na sidhani kama kuna badiliko la uhuru lililoonekana wazi kuliko hilo.

Baada ya Azimio la Arusha serikali ilielekeza fedha za afya vijijini, kwenye zahanati na vituo vya afya. Kwa nchi ambayo wananchi wake wengi walikuwa wakulima, uamuzi ulikuwa sahihi, na naukubali hadi leo. Ila watu nao walikuwa wakihamia mjini. Dar es Salaam ilikuwa na watu 272,821 mwaka 1967. Kufikia mwaka 1978 idadi hiyo ilikuwa imezidi maradufu. Katikati hapo, mwaka 1977, sheria ikapiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara. Zilibaki hospitali za serikali, za mashirika ya dini na za kutoa huduma bila faida. Hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala zilikuwepo, lakini zilikuwa dhaifu. Mtoto mwenye homa, mama mwenye uchungu na mgonjwa wa moyo aliyetumwa kutoka mkoani wote walikutana Muhimbili.

Hali mbaya ya uchumi ya miaka ya 1980 ikaja juu ya msongamano huo. Ndugu walileta chakula, shuka na dawa. Daktari aliandika, familia ikaenda kununua glovu, sindano na uzi wa kushonea. Wagonjwa walilala mzungu wa nne, na waliokosa kitanda walitandikiwa chini. Wauguzi wa zama zile wanastahili sifa ambayo hawajapewa: wodi moja ya usiku ilikuwa mikononi mwa watu wachache mno, na mishahara yao haikutosha hata nauli ya mwezi mzima.

Msaada uliofaa zaidi, kwa maoni yangu, haukwenda Muhimbili kabisa. Kuanzia mwaka 1990, kwa ufadhili wa Uswisi, zahanati na vituo vya afya vya jiji vilianza kukarabatiwa, na hospitali zile tatu zikaimarishwa pamoja navyo. Mwaka 1991 tiba binafsi ikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa gharama za matibabu, na mtu asiye na kitu akajikuta anaomba msamaha wa malipo dirishani. Mwaka 1996 Ocean Road ikawa taasisi ya saratani, na Taasisi ya Mifupa, MOI, ikaundwa ndani ya eneo la Muhimbili.

Jiji lilipogawanywa mwaka 2000 kuwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, kila moja ilikuwa na hospitali yake. Kisha, mwaka 2010, Amana, Temeke na Mwananyamala zikapandishwa hadhi kuwa hospitali za rufaa za mkoa. Hakukuwa na sherehe kubwa, lakini hapo ndipo ngazi ilipopata kidato cha katikati. Kabla ya hapo Muhimbili ilikuwa ya wilaya, ya mkoa na ya taifa kwa wakati mmoja.

Kidato hicho bado hakikutosha. Novemba 2015 Rais Magufuli, siku chache baada ya kuapishwa, aliingia Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa sakafuni na mashine za vipimo hazifanyi kazi. Akaivunja bodi. Miaka miwili baadaye yalitokea mawili ya kushukuru: upandikizaji wa kwanza wa figo ulifanyika Muhimbili, tiba ambayo awali ilimlazimu Mtanzania kwenda India, na hospitali ya Mloganzila, iliyojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, ikafunguliwa ikiwa na vitanda zaidi ya 500. Mwaka 2018 iliwekwa chini ya Muhimbili.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Wengi wanakaa mbali na Upanga: Mbagala, Chanika, Kigamboni, Mbezi. Ndiyo maana ninapotaka kujua kama mfumo umepona siangalii mashine mpya za Muhimbili. Naangalia kama mama wa Mbagala anafanyiwa upasuaji wa uzazi katika hospitali ya Rangi Tatu, na wa Sinza anafanyiwa katika hospitali ya Palestina. Siku hizi wanafanyiwa.