Mwani wa Zanzibar una asili ya Asia

MWANI unaolimwa katika fukwe za Paje, Jambiani na kwingineko Zanzibar haukuanzia katika bahari hiyo. Mbegu yake ililetwa kutoka Ufilipino na kilimo cha biashara kikaanza mwaka 1989, ingawa mwani wa asili ulikuwa ukiokotwa na kuuzwa nje miaka mingi kabla ya hapo.

Aina zinazolimwa ni mbili, spinosamu na kotonii. Zote hutoa karagini, uteute unaotumika katika vyakula, vipodozi na dawa ya meno. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi.

Mkulima, ambaye mara nyingi ni mwanamke, hapandi punje. Hukata kipande cha mmea, hukifunga kwenye kamba iliyowambwa kati ya vigingi wakati maji yamekupwa, na baada ya wiki sita hivi huvuna. Sehemu ya mavuno hurudishwa kambani kuwa mbegu. Kwa hiyo, kila mmea ni nakala ya uliotangulia. Mkulima wa chai wa Mufindi, kwenye vijiji vya barabara itokayo Nyololo kwenda Mtwango, analifahamu jambo hilo: mche uliotokana na kipando hurithi ubora wote wa mama yake, na udhaifu wote pia.

Kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2013, vinasaba vya mwani wa mashambani vinatofautiana kidogo mno.

Hali hiyo ina gharama. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kotonii imekuwa ikifa katika maeneo mengi ya Zanzibar. Maji yanapopata joto kupita kiasi, mashina hugeuka meupe na kukatika, na wakulima wengi wamelazimika kubaki na spinosamu yenye bei ndogo.

Katika bahari za baridi, mwani mkubwa uitwao kelpi husambaa wenyewe. Una vifuko vya hewa. Uking'olewa na mawimbi huelea na kubebwa na mikondo, na vinasaba vya kelpi ya visiwa vilivyotengana karibu na Antaktika vimeonekana kufanana sana. Spinosamu na kotonii hazina vifuko hivyo. Zilivushwa bahari na binadamu.

Hata hivyo, mwani wa asili wa Afrika Mashariki, jamaa wa spinosamu, haujatoweka. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza kuuchunguza mwani wa Tanzania miongo kadhaa iliyopita, na hazina hiyo ingeweza kutoa mbegu mpya.

Lakini utafiti mwingine wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa mwani wa kigeni umetoka mashambani, umeota wenyewe, na unachukua nafasi ya ule wa asili.