Miji Aliyoisimulia Manamba

Tembea uone, walisema wahenga. Lakini kwa watu wa Buha matembezi mengi yalianza kwa kudaiwa kodi. Manyovu, katika nyanda za juu za Kigoma karibu na mpaka wa Burundi, ni nchi ya baridi, migomba, maharagwe na kahawa. Wakati wa utawala wa Waingereza, Kasulu na Kibondo zilihesabiwa kuwa ghala la vibarua kuliko kuwa nchi ya mazao ya biashara. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha zilikuwa mbali, katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwanamume aliyekwenda kuzitafuta aliitwa manamba, kwa kuwa huko alijulikana kwa namba yake kuliko kwa jina lake.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyompeleka. Alishuka kutoka milimani, akapanda gari la moshi, akapita Uvinza, akaona Tabora, Dodoma na Morogoro. Reli hiyo haikuungana na ile ya Tanga mpaka mwaka 1963. Kabla ya hapo ilimpasa msafiri kushuka na kufuata barabara hata afike Korogwe au Muheza. Tangu mwaka 1944, SILABU, shirika la wenye mashamba la kuandikisha vibarua, lilisimamia safari za wengi wao.

Nyumbani alibaki mtoto. Baba aliporudi, kitu cha kwanza kilichotazamwa kilikuwa nguo alizoleta. Kilichodumu kilikuwa masimulizi yake. Masimulizi hayo yalimfundisha mtoto mambo mawili. La kwanza ni lugha. Kiha ni ndugu wa Kirundi, nacho hakikuwa na haja ya maneno kama stesheni, tikiti na kipande. Baba aliyatia katika mazungumzo ya jioni, na mtoto akaanza kuonja Kiswahili kabla ya kukutana nacho shuleni. La pili ni nchi yenyewe. Majina ya stesheni, yakitajwa kwa mpango wake, yalikuwa ramani ya Tanganyika kwa mtu ambaye hajapata kuona ramani.

Lakini manamba alipita mijini, hakukaa mijini. Makao yake yalikuwa kambi ya shamba. Kazi yake ilikuwa kukata majani ya mkonge yenye miiba na kuyafunga mafungu, na kipande chake kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Mshahara ulitoka siku hizo zilipotimia, si mwezi wa kalenda ulipokwisha. Basi baba alikuwa na safari mbili za kusimulia: moja iliyoonekana katika dirisha la gari la moshi, nayo hupendeza, nyingine iliyoonekana shambani, nayo huumiza. Aliyesimulia ya kwanza peke yake alimtamanisha mwanawe njia, na kijana alipoifuata alijikuta naye ana namba. Aliyesimulia zote mbili hakuweza kumwondolea mwanawe kodi, lakini alimwezesha kwenda akijua aendako. Hiyo ni mali iliyopita nguo.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, mkonge wa Tanganyika ulizidi tani 200,000 kwa mwaka. Baadaye bei ilianguka, na uandikishaji wa manamba ukakoma. Baadhi ya watu wa Buha hawakurudi tena. Vizazi vyao vingali Tanga hata leo. Tani ziliandikwa katika madaftari. Maneno ya baba kwa mwanawe hayakuandikwa, na watoto walioyasikia miaka ya 1950 sasa ni wazee. Atakaye kuandika historia ya Manyovu na aanze kwao, awaulize si yale tu waliyosimuliwa, bali na yale baba zao waliyoyanyamazia.