Wakati Uliopita Usemao Yasiyokuwa: Habari za Had, Were na Should katika Kiingereza

Kila mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema ya kuwa vitenzi vya lugha ile vina sura ya wakati uliopita, na ya kuwa sura hiyo yalingana na -li- yetu: "had" ni alikuwa na, "were" ni walikuwa, "could" ni aliweza. Kanuni hii yamfaa siku nyingi. Kisha siku moja akuta maneno "Had I known, I would have come", na kanuni yamtupa. Hapa hapana habari ya jambo lililotendeka. Msemaji hakujua, wala hakuja. Kwa Kiswahili twasema, "Ningalijua, ningalikuja." Vivyo hivyo "Were he here" si alikuwa hapa, bali kama angekuwa hapa, na "Should it rain" haisemi kwamba mvua ilinyesha, wala kwamba yapasa inyeshe, bali ikitokea kunyesha. Yafaa tutazame jinsi sura za wakati uliopita zilivyopata kazi ya kufungua maneno ya shuruti na ya kudhani.

Jambo hili si la darasani tu. Tuseme dereva ameshitakiwa kwa kumgonga mtoto, na shahidi asema kwa Kiingereza, "Had he seen the child, he would have stopped." Mkalimani ashikaye kanuni ya -li- peke yake atasema, "Alikuwa amemwona mtoto." Basi neno lililotolewa kumtetea mtu limegeuka kuwa la kumhukumu. Au mkataba wa nyumba waandikwa, "Should the tenant fail to pay." Asomaye "should" kuwa ni neno la kupasa tu hatatambua kwamba hapo ndipo shuruti ianzapo, naye ataweka kidole chake chini ya maneno asiyoyajua.

Ili kupata asili yake, hatuna budi kurudi nyuma sana. Makabila ya Angles, Saxons na Jutes yalivuka bahari kuingia Uingereza tangu karne ya 5, nayo yalikuja na lugha yao, ndugu ya Kijerumani. Katika Kiingereza hicho cha Kale, kilichoandikwa mpaka yapata mwaka 1100, kitenzi kilikuwa na sura mbili katika wakati uliopita. Moja ilikuwa ya kuarifu yaliyokuwa. Ya pili ilikuwa ya kudhani, kutamani na kushurutisha. Alikuwa ni "wæs", lakini angekuwa ni "wære". Walikuwa na ni "hæfdon", lakini wangekuwa na ni "hæfden". Katika umoja neno "hæfde" lilitumika pande zote mbili, na hapo mlango wa machafuko ulikuwa wazi tangu mwanzo. Hata hivyo, katika maandiko ya siku za Mfalme Alfred, aliyetawala mwaka 871 hata 899, tofauti hiyo yaonekana.

Kilichoiharibu ni matamshi. Waingereza hukaza sauti mwanzoni mwa neno, na silabi za mwisho hutamkwa kwa ulegevu. Kidogo kidogo -on na -en zikawa na mlio mmoja. Kisha n ikaanguka. Mwisho hata e iliyobaki ikanyamaza. Wanormani waliishinda nchi mwaka 1066, na kwa muda mrefu Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, hata desturi ya zamani ya kuandika Kiingereza ikapoteza walinzi wake. Lakini silabi zile zilikuwa zimekwisha kuanza kudhoofika kabla ya hapo. Hivyo "had" moja ikabaki kubeba mizigo miwili, wa kuarifu na wa kudhani. Sura ya kudhani haikufa. Ilivaa nguo za wakati uliopita, na wageni hawaitambui. Mahali pamoja tu mwili wake wa kale waonekana bado: Mwingereza husema "I was" anapoarifu, lakini "If I were" anapodhani. Hilo "were" ni "wære" ya kale.

Kijerumani, ndugu yake, hakikupatwa na hasara hii. Wazee waliosoma lugha hiyo katika shule za Afrika ya Mashariki ya Wadachi, kabla ya vita vya mwaka 1914 hata 1918, walifundishwa kutenga "hatte" na "hätte", "war" na "wäre", "konnte" na "könnte". La kwanza katika kila jozi laarifu. La pili ladhani. Kiingereza kimeyafanya "hatte" na "hätte" kuwa neno moja.

Ndivyo yalivyokuwa pia maneno "could", "might", "should" na "would", ambayo yote ni sura za wakati uliopita za "can", "may", "shall" na "will". Zamani vitenzi hivi vilikuwa na maana nzito. "Can" ilikuwa kujua. "May" ilikuwa kuwa na nguvu, na hata leo "might" ni jina la nguvu. "Shall" ilikuwa kuwiwa deni. "Will" ilikuwa kutaka. Wakati uliopita wa "can" ulikuwa "cuðe", bila l. Herufi hiyo iliingizwa baadaye kwa kuiga "should" na "would", ambamo l ni ya asili. Ushahidi umo katika neno "uncouth", lisilo na l: zamani maana yake ilikuwa kisichojulikana, na leo ni mtu asiye na adabu.

Sasa yabaki kuuliza, kwa nini kitenzi chatangulia mbele ya mtendaji, pasipo "if"? Desturi hii ilikuwako katika Kiingereza cha Kale, nayo imo katika Kijerumani. Mtaalamu wa Denmark, Otto Jespersen, aliilinganisha na swali. Nasi twaweza kuisikia vinywani mwetu wenyewe: "Umechoka? Kaa." Swali limefanya kazi ya shuruti, maana yake, ikiwa umechoka, kaa. Zamani vitenzi vingi vya Kiingereza vilisimama hivyo. Leo katika maandiko ya kawaida vimebaki hasa vitatu, "had", "were" na "should". Tena, asomaye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 mara nyingine ataona "had" pande zote mbili za shuruti, mahali ambapo Waingereza wa leo husema "would have" katika jibu.

Kuna wasemao kwamba Waingereza hawajui kutenga jana na ndoto. Si hivyo. Lililopita liko mbali nasi, haliguswi kwa mkono. Na lisilokuwa nalo liko mbali. Basi sura moja yaweza kuonyesha umbali wa namna zote mbili. Kiswahili kimechukua njia nyingine: kimeweka alama za kudhani ndani ya kitenzi, -nge- na -ngali-, ambazo Edward Steere alizieleza katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870. Alama hizo hazihitaji "kama" mbele yake, kama vile "had" itanguliapo isivyohitaji "if". Hapo lugha mbili zisizo na undugu zakutana.

Kwa hiyo namshauri mwalimu mwenzangu asiwafundishe watoto kwamba wakati uliopita wa Kiingereza ni -li- siku zote. Na awaonyeshe kutazama mambo mawili. Kwanza, je, "had", "were" au "should" yasimama mwanzo wa maneno, na wala si swali? Pili, je, maneno yafuatayo yatoa jibu la shuruti, mara nyingi kwa "would"? Akiona hayo, "had" ifuatwayo na tendo lililotimia aifasiri kwa -ngali-. "Were" kwa -nge-. Na "should" kwa -ki- au kwa iwapo, kwa maana "should" haikatai kwamba jambo laweza kuwa, ila yalitaja kama la bahati. Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Na mkalimani aliyefasiri "ningaliona" kuwa "niliona" hawezi kuyarudisha maneno yake baada ya hukumu kutolewa.