Kulisha sana hakukuponya wagonjwa mahututi

Wengi tunafikiri kama mugonjwa wa reanimasio akilishwa mingi, atapona mbio. Hata madaktari wakubwa walipita mu njia ile.

Mwaka 1968, kule Philadelphia, Stanley Dudrick na wenzake walionyesha kama mtu anaweza kuishi kwa chakula cha kupitisha mu mushipa wa damu tu. Jambo kubwa! Lakini miaka ya 1970 wengi wakazidisha kalori. Jina lenyewe la njia ile lilikuwa na maana ya "kulisha kupita kawaida".

Matokeo? Sukari ikizidi, mwili unatoa gazi kaboniki mingi, na mugonjwa anashindwa kuachana na mashini ya kupumulia. Maini yanajaa mafuta. Na mwenye alikonda kwa njaa, fosfati ya damu inaanguka, moyo unaweza kusimama. Mwaka 1981, Weinsier na Krumdieck wa Marekani waliandika juu ya wagonjwa wawili waliokufa hivyo.

Na sonda je? Mwaka 2018, Australia na New Zealand walilinganisha wagonjwa karibu 4,000: wamoja chakula cha kalori 1.5 kwa mililita, wengine 1. Kisha siku 90, vifo vilikuwa sawasawa. Mwaka 2023, Ufaransa, wale walioanzishiwa kidogo ndio walikuwa tayari kutoka reanimasio mbele ya wengine.

Si kusema tuwaache na njaa, hapana. Sisi wa-agronomi tunajua: mumea uliochoka na jua, ukiumwangia urea mingi, unaunguza mizizi. Kwanza maji, pole pole.